Mpira Uliingia Wavuni, Halikuwa Goli

Zilibaki dakika tatu hivi robo ya nne iishe, tuko nyuma 1-0, na ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu. Kiungo wetu wa kulia akaupata mpira hatua mbili nje ya duara, hakuremba, akaupiga. Ukapita katikati ya mabeki wawili, ukapita pembeni ya mguu wa kipa, ukagonga ubao wa nyuma ya lango. Aliyewahi kucheza mpira wa magongo anaijua ile sauti, ni kama mtu kafunga mlango kwa hasira. Tukarukiana. Mimi nilikuwa nimeshatupa mikono juu nilipomwona mwamuzi kanyoosha mikono yake miwili, mmoja kulia mmoja kushoto, hana hata habari na sisi. Mpira wao, waanze upya.

Kwa asiyeujua mchezo huu: goli halihesabiwi mpaka mpira uguswe na gongo la mshambuliaji ndani ya duara, ule mchoro wa nusu duara unaozunguka lango kwa umbali wa mita 14.63. Ukiupiga kutoka nje, hata ukitoboa wavu, kama hakuna mwenzako aliyeudokoa humo ndani umepoteza nguvu zako bure. Mpira wetu ulisafiri njia yote ile bila kukutana na gongo hata moja la jezi yetu.

Mshambuliaji wa kati nilikuwa mimi. Nilikuwa wapi? Nilikuwa juu ya duara, ukingoni mbali na lango, mikono yote miwili imebana mpini, gongo nimelirudisha nyuma, nasubiri niwekewe mpira nipige shuti. Kwenye nguzo ya pili, ile ya lango iliyo mbali na mpira, pale ambapo ingetosha kulaza gongo chini tu, hapakuwa na mtu.

Siku ile sikuliona hilo. Siku ile nilimlaumu mwamuzi.

Kikao cha kufunga msimu kilikuwa kama vikao vyote vya timu isiyofunga magoli. Mabeki walikaa upande wao, kimya, kimya kile cha watu wasiodaiwa. Na kweli hawakudaiwa, maana mechi nyingi tulizopoteza tulifungwa goli moja tu. Tatizo lilikuwa mbele, kila mtu alijua. Mmoja akasema tutafute mshambuliaji mpya. Mwingine akasema tuongeze mashuti mazoezini, tupige mpaka mikono iote sugu. Mimi nikasema viungo hawaniletei mpira. Naona aibu kuliandika, lakini ndivyo nilivyosema, na viungo wenyewe walikuwa wamekaa mbele yangu wananitazama.

Kipa wetu wa akiba alivunjika kidole katikati ya msimu, na kwa kuwa si mtu wa kukaa bure, akaanza kuandika. Daftari la kawaida la mistari. Kwa mechi 6 za mwisho alikuwa ameandika kila tulipoingia na mpira kwenye duara la wapinzani, nani kauingiza, na uliishia wapi. Mwalimu akamwomba atusomee. Tuliingia mara 71. Mashuti 19. Kona fupi, ile adhabu wanayopewa washambuliaji mabeki wakikosea ndani ya duara, 15. Magoli 4.

Yule wa mashuti akatabasamu, akaona ameshinda hoja. Mwalimu akamwambia kipa, "Toa mashuti, toa na kona. Hizo 37 zilizobaki zilikwenda wapi?"

Kipa akafungua kurasa za nyuma. Neno lililojirudia lilikuwa moja: peke yake. Fulani kaingia peke yake, kaangalia kushoto, kaangalia kulia, kazungukwa na watatu, kanyang'anywa. Pembeni ya kila mstari alikuwa amechora duara dogo, na ndani yake nukta, moja kwa kila mtu wetu aliyekuwa karibu. Nukta yangu alikuwa ameiandikia namba ya jezi. Nikapitisha macho ukurasa hadi ukurasa. Ilikuwa palepale, juu ya duara, kana kwamba imepigiliwa msumari.

"Dada, usikasirike," akaniambia tulipotoka nje. "Mimi nilikuwa naandika ninachokiona tu."

Nilikasirika. Wiki nzima.

Mapumziko baada ya msimu ni wakati mgumu kwa timu ya watu wenye kazi zao na masomo yao. Hakuna mechi mwisho wa wiki, kwa hiyo hakuna anayeogopa kupoteza namba. Wiki ya kwanza ya mazoezi tulikuja 14. Wiki ya tatu tulikuwa 7, ukimhesabu na Mwalimu. Mshambuliaji mpya alipatikana kweli, msichana mwenye chenga tamu za kutazama. Alikaa siku chache, akapata timu nyingine, akaenda. Sina la kumlaumu. Ila nakumbuka jinsi tulivyosimama pembeni siku yake ya kwanza, tumefarijika, kama watu waliomwona fundi akiingia na sanduku la vifaa, na kila mmoja akipanga moyoni kurudi nyumbani kulala.

Uchache wetu ulimlazimisha Mwalimu kutuchezesha vidogovidogo. Watatu washambulie, wawili wakabe, tuanzie mstari wa mita 23, ule uliochorwa umbali huo kutoka mstari wa goli. Na mwezi wa kwanza akatukataza kufunga. Nasema kweli: aliligeuza lango likatazama upande mwingine. Pointi ilipatikana kwa masharti mawili tu. Mpira ukiingia kwenye duara, wawili wetu wawe wameshaingia au wanaingia nao pamoja. Na mmoja wa hao awe kwenye nguzo ya pili, gongo limelala chini. Ukiwa umefika lakini gongo liko hewani, pointi haipo.

"Gongo chini!" Hiyo ndiyo sauti niliyoisikia miezi ile yote. Naisikia mpaka leo nikiinama kuokota kitu.

Kuna jambo la kuchekesha hapa. Sheria ya kuotea iliondolewa kwenye mpira wa magongo miaka ya 1990. Tofauti na soka, hakuna anayekuzuia kwenda kusimama mbele ya kipa ukitaka. Tulipewa uhuru ambao mshambuliaji wa soka anauota usiku, na mimi nilikuwa nautumia kusimama mita kumi na tano nyuma. Kwa nini? Nimelifikiria sana hilo. Sehemu yake ni woga, kwa sababu mpira wenyewe ni mgumu kama jiwe na kwenye nguzo ya pili ndiko unakofika ukiwa na kasi yote, huku mbele yako kuna miguu na magongo ya watu, huuoni mpaka umeshafika. Lakini sehemu kubwa ilikuwa kiburi. Goli la kudokoa halina sura. Hakuna anayelisimulia. Mimi nilikuwa na shuti ambalo watu walilisimulia, na nilikuwa nakaa mahali pa kulipigia hilo shuti hata kama mpira haufiki pale.

Kudokoa kwenyewe niliona ni kazi ya mtoto mpaka nilipojaribu. Unachuchumaa, goti la kushoto linakaribia nyasi, mkono wa kushoto juu ya mpini na wa kulia chini kidogo, uso wa gongo umeulekeza langoni. Halafu unatulia. Hapo kwenye kutulia ndipo nilipofeli. Mkono wangu ulizoea kupiga, kwa hiyo kila mpira ulipokaribia niliupiga, na ukipiga mpira unaokuja kwa kasi ile, mara tisa katika kumi unaukosa au unaupeleka juu. Mwalimu alichukua gongo langu akalishika kwa vidole viwili tu, akamwambia kiungo apige. Mpira ukagusa gongo, ukabadili njia, ukaingia. "Nimefanya nini?" akaniuliza. Hujafanya kitu, Mwalimu. "Haya, na wewe usifanye kitu."

Ilinichukua wiki nyingi kujifunza kutofanya kitu. Mapaja yaliuma kuliko baada ya mbio zozote nilizowahi kukimbia.

Kona fupi ndiyo iliyotula muda zaidi, na nikiwa mkweli ndiyo iliyonifundisha zaidi, kwa hiyo mniwie radhi nikikaa hapo kidogo.

Kwenye daftari tulikuwa na kona 15 na goli 1. Kona fupi ni zawadi. Wapinzani watano tu, pamoja na kipa, ndio wanaoruhusiwa kujipanga nyuma ya mstari wa goli kuizuia; wengine wote wanapelekwa ng'ambo ya mstari wa kati. Timu kubwa zinaishi kwa kona hizi. Sohail Abbas wa Pakistan alifunga magoli 348 ya kimataifa, sehemu kubwa yakitokana na kona, kwa lile shuti la kuburuta. Argentina ilipochukua dhahabu ya Olimpiki ya Rio 2016, Gonzalo Peillat ndiye aliyeongoza kwa magoli, 11, naye ni mtu wa kuburuta. Basi nikaamua: nitajifunza kuburuta. Nilitazama video zao usiku, nikizisimamisha kila nusu sekunde. Miguu inapishana, mguu wa kushoto unatua mbali mbele, mpira unaokotwa ukiwa nyuma kabisa ya mwili, unakokotwa juu ya mpini, kisha kiuno kinazunguka na mpira unarushwa kama jiwe la kombeo. Ni kitu kizuri mno kukitazama. Kukifanya ni habari nyingine. Baada ya wiki mbili nilikuwa siwezi kuinuka kitandani bila kushika ukuta.

Kipa wa akiba akaja tena na daftari lake. Safari hii alikuwa ameandika kona peke yake.

"Dada, kona 15. Zilizofika kwenye gongo lako zikiwa zimetulia ni ngapi?"

Nikasema labda kumi.

"Sita."

Tisa hazikuwahi hata kuwa shuti. Msukumaji anayeanzisha kutoka kwenye mstari wa nyuma, angalau mita 10 kutoka kwenye nguzo, alikuwa ameusukuma mpira ukadundadunda, au umekwenda pembeni, au mtulizaji ameukosa ukampita katikati ya miguu. Mimi nilikuwa nahangaika na rangi ya nyumba ambayo kuta zake hazijasimama.

Na msukumaji wetu alikuwa nani? Mdogo kuliko wote kikosini. Alipewa kazi hiyo kwa sababu hakuna mkubwa aliyeitaka. Kusukuma hakupigiwi makofi. Hakuna aliyewahi kumwelekeza kitu, alikuwa anaambiwa tu, baada ya kila kona iliyoharibika, "Dogo, vipi?"

Mwalimu akampa mipira 100 kila jioni. Na kwa kuwa mipira 100 lazima iwe na mtu wa kuituliza, akanipa mimi kazi hiyo. Sikuelewa kwanza kama ni adhabu. Nilichuchumaa hatua moja nje ya duara, kwa sababu mpira lazima utoke nje ya duara kwanza kabla hatujaruhusiwa kufunga, na nikautuliza mmoja baada ya mwingine. Nikaanza kuona vitu. Akiinua mabega mapema, mpira unaruka. Akiuanzia karibu na kisigino cha mguu wa nyuma, ukakaa kwenye gongo muda mrefu zaidi, unakuja umelala kama umevutwa kwa kamba. Mguu wake mmoja lazima uwe nje ya uwanja wakati wa kusukuma, na alikuwa anahangaika sana na huo mguu hata mwili unapinda. Tukauwekea alama ya chaki. Siku ya tatu au ya nne akasukuma ishirini mfululizo bila mmoja kudunda, akaniangalia, akacheka kwa mara ya kwanza tangu msimu uanze. Nilikuwa nimecheza naye mwaka mzima bila kujua ana mwanya.

Kuhusu kukimbia sitasema mengi. Tulikimbia sana, mbio fupi, unarudi, unakwenda tena. Sababu ya Mwalimu ilikuwa kwamba washambuliaji ndio mabeki wa kwanza: mpira ukinyang'anywa ndani ya mita 23 zao, hatua tano uko kwenye duara, na mabeki wao bado wametawanyika wanajiandaa kushambulia. Niliona ni maneno ya makocha. Nilibadili mawazo baadaye, lakini wakati ule nilikimbia kwa sababu nilikuwa naogopa daftari.

Mechi yetu ya kwanza ya kirafiki niliiharibu mwenyewe. Tulipata kona dakika za mwanzo. Dogo akasukuma mpira wa kuchorwa, ukatulizwa, na mimi, badala ya kuburuta kama tulivyokubaliana, nikaona nafasi nikapiga. Shuti langu la zamani. Liliingia kwenye pembe ya juu kabisa. Kipa wao hakusogea. Mwamuzi akakataa. Kwenye kona fupi, shuti la kwanza likiwa la kupiga, mpira hauruhusiwi kuvuka mstari wa goli juu ya milimita 460, urefu wa ule ubao wa chini. Ukitaka kwenda juu, sukuma, buruta, inua kwa ustadi. Nilikuwa naijua sheria hiyo kama jina langu. Mkono ulikumbuka makofi, ukasahau sheria.

Nilirudi benchi nikakaa. Mwalimu hakusema neno. Kipa wa akiba aliandika, na nilipochungulia nikaona ameandika kwa herufi kubwa: KONA NZURI, MSUKUMAJI.

Ningependa kusema msimu ulipoanza tukawa timu nyingine. Mechi ya kwanza tulifungwa 4-2. Viungo wetu, ambao sasa walikuwa wanapanda kuingia nasi kwenye duara, waliacha nyuma shamba lisilo na mlinzi, na wenzetu wakalivuna kwa kaunta. Mabeki walinuna. Beki wetu wa kati, mtu wa maneno machache, akasema kwamba mwaka jana tulikuwa tunapoteza kwa heshima. Mechi ya pili 2-2. Ya tatu tukashinda 3-2, na katika ile ya nne hatukufunga kabisa, tukaonekana ni walewale.

Mwalimu alitaka kurudi nyuma kidogo, kiungo mmoja abaki. Tulibishana naye. Nadhani alikuwa sahihi na sisi pia, kwa maana kwamba kiungo alibaki na bado tuliendelea kuingia watatu, ila winga wa upande wa pili alilazimika kukimbia kuliko alivyowahi kukimbia maishani. Alitulaani kila siku. Alifunga magoli 5 msimu ule, yote akiwa ndani ya hatua mbili kutoka langoni, na hakuna hata moja utakaloweza kumsimulia mtu akakaa kusikiliza.

Kuburuta sikukuweza kama nilivyotaka. Ninaburuta, linakwenda, halina kasi ya kumtisha kipa mzuri. Kwa hiyo tukawa na njia tatu za kona badala ya moja, na mara nyingi mimi najifanya naburuta, mpira unapewa mwingine.

Ilikuwa katikati ya msimu tulipokutana tena na timu ile iliyotufunga mechi ya mwisho mwaka uliopita. 1-1, robo ya tatu. Mpira tuliupokonya kwao, juu, winga akiwa amemkaba beki mpaka beki akakosea pasi. Ukafika kwa kiungo wa kulia, yuleyule, karibu palepale, nje ya duara. Nilikuwa nimeshaanza kukimbia kabla hajaupokea. Sikuamua, miguu ilijiendea. Nilipofika nguzo ya pili nikachuchumaa, gongo chini, na mbele yangu nikaona miguu tu, soksi za rangi mbili zinachanganyika. Sikuuona mpira. Nikatulia.

Kitu kikatetema vidoleni, kidogo sana, kama simu iliyo mfukoni. Halafu ubao ukalia.

Wao walikuwa wa kwanza kupiga kelele. "Hajagusa! Mwamuzi, hajagusa huyo!" Kipa wao alikuwa amenyoosha mkono kuelekea nje ya duara, akimwonyesha mwamuzi mpira ulikotoka. Mwamuzi akamwangalia mwenzake wa upande wa pili. Hatukurukiana. Tulisimama. Niliangalia mikono yake, nikingoja kama itanyooka miwili kulia na kushoto. Akageuka, akaonyesha katikati ya uwanja.

Nilipotolewa kupumzika nilikaa pembeni ya kipa wa akiba. Kidole chake kilikuwa kimepona zamani, lakini daftari hakuliacha, na Mwalimu hakutaka aliache.

"Dada, kweli umegusa?"

Nikamwonyesha gongo. Aliligeuza, akalitazama uso wote mpaka chini, akapitisha na kidole gumba. Halikuwa na alama yoyote mpya. Akachora duara lake dogo, akaweka nukta pembeni ya nguzo na namba yangu juu yake, halafu mbele ya namba akaweka alama ya kuuliza.